Shajara ya tangi la lita 54: nani anaweza kuishi na nani

Hii ni kumbukumbu ya tangi moja dogo la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, na samaki waliopita ndani yake. Naiandika kadiri hatua zinavyokamilika, ili anayetaka kuanza tangi la ukubwa huu aione njia nzima pamoja na mashimo niliyotumbukia. Gharama nazihesabu kwa siku, kwa maji na kwa samaki, maana hizo ndizo zilizoniuma.

6 Februari. Orodha iliyotungwa na macho

Nimekaa na mpwa wangu wa miaka tisa tukaandika kila samaki tunayempenda: gapi kwa mkia wake, neoni kwa ule mstari wa buluu unaowaka, barbi milia, samaki-malaika, pleko wa kula mwani, na samaki-dhahabu mmoja wa kukaa katikati kama mfalme.

Alipolala nikaiandika upya, mara hii mbele ya kila jina nikaweka urefu wa samaki akishakua, si urefu anaouzwa nao. Hapo majina yakaanza kuanguka yenyewe. Pleko wa kawaida, yule anayeuzwa akiwa sawa na kidole, hufika sentimita 30 na kupita. Samaki-malaika hufika 15, na mapezi yake yakisimama anadai kina kuliko tangi langu lilivyo nacho. Tena samaki yeyote ambaye mdomo wake unamtosha neoni, siku moja atammeza neoni, hata kama wamekaa pamoja miezi sita bila neno. Samaki-dhahabu anataka maji ya baridi wakati wenzake wanataka ya uvuguvugu, na uchafu wake mmoja ni wa kundi zima. Watatu hao nimewafuta.

Nimefuta pia ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa kila lita moja ya maji. Samaki wa sentimita 15 hawi sawa na watano wa sentimita 3. Urefu ukizidi mara 5, mwili wa umbo lile lile unazidi mara 125, na kinachokula na kuchafua ni mwili. Halafu hizo lita 54 ni za kioo kitupu. Toa changarawe, mawe, kisiki na nafasi ya juu, maji yenyewe yanabaki kama lita 45.

Wamebaki gapi, neoni, barbi milia, na nafasi tupu ya samaki wa chini. Pembeni nimeandika: "wote wapole."

9 Februari hadi 24 Machi. Kungoja kichujio

Tangi limekaa kwenye meza imara, kwa sababu likijaa, pamoja na kioo na changarawe, linapita kilo 65. Kichujio cha sponji, pampu ya hewa, hita, kipimajoto, kisiki kilicholowekwa, mmea wa anubiasi uliofungwa juu ya jiwe na mmea mwingine, valisineria, nyuma. Maji yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Samaki hakuna.

Kazi ya wiki hizi ni kuotesha bakteria kwenye sponji: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, na viwili vya mwanzo ndivyo vinavyoua samaki. Nilitia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi miligramu 2 kwa lita, nikapima kila siku, na kila ilipokwisha nikaongeza.

Siku ya 19 amonia ilikuwa tayari inashuka vizuri. Nikaona sponji imeshika utelezi wa kahawia, nikaona aibu, nikaitoa na kuisuuza chini ya bomba mpaka ikang'aa. Ule utelezi ndio niliokuwa nauotesha, na maji ya bomba yana klorini. Siku tatu zilizofuata amonia haikushuka hata alama moja. Tangu hapo sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, mara mbili tatu tu, na kuirudisha ikiwa bado na rangi yake.

Tangi lilikuwa tayari siku ya 43, yaani miligramu 2 za amonia zilipoweza kuisha ndani ya saa 24 na nitriti ikasoma sifuri. Bila ile suuza nadhani ningemaliza siku kumi kabla.

26 Machi hadi 3 Aprili. Nilipotaka kuyafundisha maji adabu

Nilipima maji ya bomba: pH (kipimo cha asidi, kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) 7.6, ugumu wa jumla, yaani madini yaliyomo, digrii 8, ugumu wa kaboneti digrii 6. Maji ya katikati, si laini wala si magumu sana. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba neoni katoka kwenye mito ya Amazoni yenye maji laini ya asidi, nikaamua nitampa pH 6.5. Na gapi, anayependa maji magumu kidogo? Nikasema atavumilia. Ndivyo nilivyokuwa nikipanga mambo.

Jioni ya kwanza nikatia dawa ya kushusha pH. Ikashuka hadi 6.6. Asubuhi ikasoma 7.5. Nikatia tena. Ikashuka, ikapanda. Siku nne mfululizo nikawa nacheza mdako na maji.

Siku ya tano asubuhi sikuongeza kitu, nikapima tu kwa mazoea. Tone la kipimo likageuka rangi ya njano ya mwisho kabisa kwenye kadi, ile ya 6.0, maana yake pH ilikuwa 6.0 au chini yake na kadi haikuwa na jinsi ya kuniambia zaidi. Kaboneti ilisoma digrii 1. Na amonia niliyotia jana yake kwa ajili ya kulisha bakteria ilikuwa bado ipo, nusu nzima.

Ilinichukua jioni moja kuelewa. Kaboneti ndiyo inayoimeza asidi. Kila nilipotia dawa, kaboneti iliimeza sehemu na pH ikarudi juu, lakini kila mara ikawa inapungua. Ilipokaribia kwisha, hapakuwa tena na cha kuizuia pH, ikaanguka. Na bakteria wale wa sponji hufanya kazi polepole mno maji yakiwa na asidi nyingi. Kama ndani kungekuwa na samaki, ningewapandisha na kuwashusha kila siku kama ndoo kisimani, halafu nikawaangusha.

Nilibadilisha nusu ya maji mara mbili, siku mbili tofauti. Kaboneti ikarudi 5, pH ikatulia 7.5, amonia ikaanza kuisha kama zamani. Dawa nimeifungia kabatini.

Nilichokuwa sijazingatia ni kwamba neoni wanaouzwa, karibu wote, wamezaliwa na kukulia kwenye mabwawa ya wafugaji, na maji ya katikati wanayavumilia vizuri. Kitu wasichokivumilia ni maji yanayobadilika kila siku. Kwa hiyo utaratibu wangu nimeugeuza: napima maji niliyonayo kwanza, kisha natafuta samaki wanaoyaweza. Maji yangu yangekuwa magumu sana, digrii 18 au 20, neoni ningemwacha nikaenda kwa gapi, plati na wenzao.

Halijoto nimeipanga kwa njia hiyo hiyo. Kwa kila samaki nachora mstari kuanzia joto lake la chini hadi la juu, mmoja chini ya mwingine. Neoni, 20 hadi 26. Gapi, 22 hadi 28. Koridora panda, ninayemfikiria kwa chini, 20 hadi 25. Pale mistari yote inapopandana ndipo hita inapowekwa: 24. Samaki ambaye mstari wake unagusa wa wenzake kwenye ncha tu, simchukui, kwa sababu siku ya joto kali itampata upande mmoja wa ncha hiyo.

Gharama: siku nane na lita 45 za maji yaliyomwagwa. Samaki, bahati yangu, hakuna.

5 Aprili. Wa kwanza

Gapi watatu, madume watupu. Jike mmoja angetosha kunijazia tangi, maana huzaa takriban kila mwezi na huweka mbegu za dume tumboni kwa miezi kadhaa, hata akikaa peke yake. Na barbi milia wanne.

Muuzaji nilimwuliza kama wanapatana. "Hawa wapole kabisa, ndugu yangu. Si unaona wanavyokaa pamoja hapa?" Kweli walikuwa pamoja, barbi kama arobaini kwenye tangi moja. Sikujiuliza kwa nini hapakuwa na gapi hata mmoja katikati yao.

11 Aprili. Mikia

Mpwa wangu ndiye aliyeona. "Mjomba, mbona huyu mkia wake umekuwa kama ufagio uliochakaa?"

Nikavuta kiti nikakaa mbele ya kioo nusu saa bila kutikisika. Ukipita tu huoni kitu. Samaki wakikuona wanakuja mbele kuomba chakula, vita vinasimama. Ukitulia, wanakusahau. Barbi mmoja alisimama kichwa kimeinama kidogo, kama anayesoma kitu chini, kisha akaruka kwa mshale mmoja, akagusa mkia wa gapi na kurudi alipokuwa. Haikuchukua hata sekunde. Kilichobaki ni kipande cha rangi ya chungwa, chembamba kama ganda la kitunguu, kikielea kuelekea kwenye sponji. Barbi wa pili akakila. Gapi mwenyewe alijisogeza kwenye pembe nyuma ya hita, akapinda mwili ili mkia uelekee ukutani.

Nilijaribu mambo matatu kwa mpangilio huu, na yote nayaandika kwa kuwa kila moja linashauriwa na watu.

Kwanza, kuwashibisha barbi: milo mitatu midogo kwa siku badala ya miwili. Waliendelea, tena kwa nguvu mpya. Si njaa inayowafanya hivyo.

Pili, mimea. Nikaongeza valisineria ili gapi wapate pa kujificha. Ilisaidia siku mbili. Shida ni kwamba gapi ni samaki wa juu, na kujificha chini kwenye majani ni kumtoa kwenye nafasi yake. Akipanda kula, anafuatwa.

Tatu, kuwapanga upya mawe na kisiki ili kila mmoja aone mahali ni pageni na asahau mipaka yake. Siku moja.

Jibu lenyewe nililiona nilipoacha kuwatazama gapi na kuanza kuwatazama barbi. Barbi milia ni samaki wa kundi lenye ngazi. Wakiwa wanane, kumi, wanashindana wao kwa wao kutwa nzima, wanafukuzana, wanapangana nani mkubwa, na wageni hawana muda nao. Wakiwa wanne, mmoja ameshashinda, mashindano yamekwisha, na zile nguvu zinatafuta mkia wa jirani. Wale arobaini dukani walikuwa wapole kwa sababu walikuwa arobaini. Muuzaji hakunidanganya, nilimwuliza swali nusu.

Basi kwa nini nisiongeze wawe kumi? Barbi milia akikua hufika sentimita 7 na ni mwogeleaji wa kasi. Kumi kwenye lita 45 ni msongamano tu, tena bado ningekuwa nimemweka mwenye mkia mrefu mbele ya wakata mikia.

19 Aprili. Barbi wametoka

Wamechukuliwa na rafiki mwenye tangi la lita 200 na kundi lake la barbi kumi na wawili. Kuwakamata kulinichukua saa nzima na nusu ya mimea kung'oka. Ushauri: tumia nyavu mbili, moja isimame, nyingine ifukuze taratibu.

Gapi watatu nimewahamishia kwenye beseni la plastiki la lita 20 lenye sponji yake ndogo, iliyokuwa ikikaa kwenye tangi kubwa tangu Machi. Nabadilisha robo ya maji kila siku. Mmoja, ambaye walikuwa wamemla hadi kwenye shina la mkia, alipata ukungu mweupe kwenye kidonda na akafa tarehe 22. Wawili mikia yao imeanza kuota, ukingo mpya ni mwangavu usio na rangi, kama kucha. Rangi ilirudi baada ya mwezi hivi, ila mmoja mkia wake uliota ukiwa na pengo na upo hivyo mpaka leo.

Barbi milia, serpae tetra na wote wenye sifa ya kukata mapezi sasa nawaandika kwenye safu yao. Safu ya pili ni ya wenye mapezi marefu na wazito wa kuogelea: gapi, beta, samaki-malaika. Sichanganyi safu hizo mbili.

10 Mei. Neoni wanane

Gapi wawili wamerudi kwenye tangi, na neoni wanane wameingia. Niliuacha mfuko uelee dakika 20, nikaongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa muda wa saa moja, nikawatoa kwa wavu bila kumwaga maji ya mfuko ndani. Nilijiona mtaalamu.

Beseni lilikuwa pale pale, tupu, sponji inafanya kazi. Sikulitumia.

16 Mei. Madoa meupe

Siku ya sita neoni wawili wanajisugua kwenye kisiki. Jioni, nukta nyeupe kwenye pezi, kama aliyenyunyiziwa chumvi. Asubuhi yake, wanne. Gapi pia.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu mgeni alikuja na mwenyeji akaugua.

Nukta hizo ni kimelea, *Ichthyophthirius multifiliis*. Akiwa chini ya ngozi ya samaki dawa haimfikii. Akishakua anadondoka chini, anajigawa kuwa mamia, na hao wadogo wanaelea wakitafuta samaki. Hapo ndipo wanapouawa. Kwa hiyo dawa inayotiwa siku mbili na kuachwa kwa kuwa nukta zimepotea haijafanya kazi, nukta zimeshuka chini kuzaana tu. Joto linaharakisha mzunguko, na hiyo ni faida kwako ikiwa dawa ipo majini.

Nilipandisha hita kutoka 24 hadi 28 kwa siku mbili, nikaongeza mapovu ya hewa kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo, nikatia dawa kwa kipimo cha kifungashio na kuendelea siku 12, yaani mpaka siku tano baada ya nukta ya mwisho kuonekana. Maji nilibadilisha kabla ya kila dozi, nikinyonya uchafu wa chini ambamo wale wanaojigawa hukaa.

Waliokufa: neoni watatu. Waliobaki ni watano, na neoni watano wana woga. Walishinda nyuma ya kisiki wiki mbili, rangi imefifia.

Tarehe 7 Juni nikanunua wanne wengine, nao wamekaa kwenye beseni wiki tatu kabla ya kuonana na wenzao. Siku walipokuwa tisa walitoka mbele na kuanza kupita tangi lote kwa pamoja. Mpwa wangu alidhani nimebadilisha taa.

28 Juni. Koridora watatu juu ya changarawe

Samaki wa chini: koridora panda watatu, tayari wamemaliza wiki zao tatu kwenye beseni na walibaki huko wakati neoni wapya wanahamishwa. Nilichukua watatu kwa hesabu ya nafasi. Hapa kuna makosa mawili, la idadi na la sakafu, na yalinichanganya kwa kuwa dalili zake zilikuwa moja: hawaonekani.

Koridora hutafuta chakula kwa sharubu. Anachomeka pua kwenye mchanga hadi machoni, anauvuta mdomoni, na mchanga unatoka kwenye matamvua. Kwenye changarawe yangu ya milimita 5, yenye kingo, hilo haliwezekani. Alichoweza ni kusukuma pua katikati ya mawe. Chakula chenyewe kilikuwa kimezama chini asikokifikia, kinaoza.

Tarehe 12 Julai mmoja alitulia karibu na kioo nikamtazama kwa kioo cha kukuzia. Sharubu za kushoto zilikuwa nusu ya zile za kulia, na ncha zake nyekundu. Nilipochomeka mpira wa kunyonyea kwenye changarawe ilipanda tope nyeusi. Kingo kali na uchafu ulionaswa vilikuwa vikifanya kazi pamoja.

20 Julai. Mchanga

Samaki wote kwenye ndoo mbili za maji ya tangi, sponji ikiendelea kuvuma kwenye ndoo mojawapo. Changarawe ikatolewa kwa bakuli, mchanga laini wa kina cha sentimita 3 ukaingia, kama kilo 8.

Mchanga niliusuuza mara nne nikachoka. Ulitaka mara kumi. Tangi likawa kama maji ya mto wa masika kwa siku mbili, na sponji ikaziba. Siku ya pili amonia ilisoma 0.25, kwa sababu sehemu ya bakteria iliondoka na changarawe. Nikabadilisha theluthi ya maji, nikapunguza chakula, ikaisha kufikia siku ya nne. Ukitaka koridora, anza na mchanga siku ya kwanza.

Neno la pembeni: koridora wana miiba migumu kwenye mapezi inayonasa kwenye wavu. Wakamate kwa kikombe. Huyu mmoja ilinibidi nimkatie wavu.

Mwezi Agosti mwanzoni wakaongezeka watatu, baada ya karantini, wakawa sita. Hiyo ndiyo iliyowatoa mafichoni, hata kuliko mchanga. Wanalala wamegusana, wanakula wamepanga mstari. Mara moja moja mmoja anapanda juu kama risasi, anameza hewa na kushuka. Nilishtuka mwanzo, lakini ni kawaida yao, wanaweza kuvuta oksijeni ya hewa kwa utumbo. Wakianza kupanda wote kila dakika ndipo napima maji. Chakula chao cha kuzama nakitia taa ikishazimwa, neoni wakiwa wamelala.

17 Agosti. Gurami asali wawili

Nafasi ya juu ilikuwa na gapi wawili tu. Nilimfikiria beta, ambaye kwenye safu zangu yuko upande mmoja na gapi, lakini gapi mwenye mkia mpana anaweza kumfanya beta dume amwone mpinzani. Gurami mdogo, *Trichogaster lalius*, anavutia lakini madume yake ni wakorofi na anajulikana kwa ugonjwa wa virusi usio na tiba. Gurami asali, *Trichogaster chuna*, hufika sentimita 5, ni mtulivu, na mstari wake wa joto, 22 hadi 28, unapita kwenye 24 yangu.

Nilitaka dume na jike. Wakiwa wachanga wote ni rangi ya mchanga, nikakisia. Baada ya siku chache mmoja akaiva rangi ya asali, koo lake likawa jeusi la kibuluu. Nikafurahi. Siku nne baadaye wa pili naye koo likawa jeusi.

Mkubwa akalichukua tangi lote la juu. Hakumng'ata mwenzake, alimsogelea tu, mwili umetandazwa, na yule akashuka pembeni, nyuma ya hita, pale pale gapi alipokuwa amesimama mwezi Aprili. Mimea ya kuelea niliyoongeza ili wasionane ilinunua siku nne za amani. Sentimita 60 hazina upande wa pili kwa madume wawili.

30 Agosti. Mdogo ameenda kwenye beseni, kisha kwa yule rafiki. Aliyebaki peke yake ametulia kuliko samaki wote niliowahi kuwa nao. Ana nyuzi mbili kifuani, ndefu, anapapasia nazo kila kitu, jani, kioo, mgongo wa koridora, kama mzee anayetafuta miwani gizani.

21 Septemba. Hali ilivyo

Neoni tisa, koridora panda sita, gapi wawili, gurami asali mmoja. Nitrati hufika kama miligramu 20 kwa lita kila wiki, nami natoa lita 15 kila Jumamosi. Kipimo hicho ndicho kinachoniambia tangi limejaa. Neoni wawili zaidi na nitalazimika kubadilisha maji mara mbili kwa wiki, na najijua, sitafanya. Gapi, ningekuwa naanza leo, nisingewaweka. Wapo kwa sababu wamevumilia mengi.

Mpwa wangu anataka uduvi wekundu. Gurami na hata neoni wangekula watoto wao, wakubwa wangeweza kupona kwenye majani. Tumekubaliana waende kwenye beseni.

Jana baada ya kubadilisha maji, yaliyokuwa na ubaridi kidogo, koridora walifukuzana usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na mayai kwenye kioo cha nyuma, niliyahesabu 23, kila moja dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Saa tatu yalikuwa 14. Nikakaa kwenye kiti changu cha Aprili. Walikuwa neoni, wakija mmoja mmoja kama wanaopita njia, na gapi yule wa pengo akifyonza yai kwa subira hadi likabanduka. Nimeyakwangua tisa kwa wembe, yako kwenye kikombe ndani ya beseni, na mrija wa hewa juu yake.